Mmoja Abaki Macho Wazi

Solange ameniomba niandike, na Solange akiomba kitu huwa anasimama mlangoni mpaka akipate. Anataka ninyi mnaobaki katika chumba cha mashine mjue kazi ilikuwaje kabla yenu. Haya. Habari za vyeo sitaandika. Cheo nilikuwa nacho kimoja tu, "Mama wa Vichwa", nilichopewa na wagonjwa. Nitaandika juu ya vichwa, waya, na kosa moja ambalo mpaka leo linanirudia kila nikisikia mtu anasema "tuombe".

Nilifika hospitali hii nikiwa nimetoka shule ya uuguzi juzi, na viatu vipya vilivyonibana. Aliyenipokea ni Papa Mwamba, fundi wa mashine ya kupima mawimbi ya ubongo, mtu mfupi mwenye utepe wa fundi cherehani shingoni. Nilidhani anashona nguo baada ya kazi. Kumbe utepe ule ulikuwa wa kupimia kichwa: kuanzia mzizi wa pua mpaka kisogoni, kuanzia sikio hili mpaka lile, kisha unatia alama kwa kalamu, na kila alama unabandika kidude chake cha chuma kwa dawa nzito kama uji wa jana. Siku hiyo nilikosea alama moja kwa vidole viwili. Papa Mwamba akakaa kwenye kiti, akanifanya nipime kichwa chake mwenyewe, chenye upara, mpaka mikono ikachoka.

"Kichwa ya muntu haidanganyake," aliniambia. "Mashini njo inadanganyaka. Na weye, ukiwa na haraka, unaisaidia."

Halafu akanilaza mimi kitandani, akanibandika waya, akawasha mashine. Zile za zamani zilikuwa na kalamu zilizochora kwenye karatasi ndefu, zikikwaruza kama kuku uani. "Fumba macho," akasema. Kalamu za kisogoni zikaanza kuchora meno yaliyolingana, moja baada ya jingine, kama meno ya kitana. "Fumbua." Meno yakapotea, ikabaki mistari ya ovyo ovyo. Akanionyesha karatasi.

"Umeona? Ukifumba, kitana inakuya. Ukifumbua, kitana inakimbia. Mbele ya kila kitu, umwambie muntu afumbe, afumbue. Hata kama ni mutoto. Hata kama muko na haraka. Hata kama docteur anakulalamikia."

Nilikubali. Nikafanya hivyo miaka mingi, kwa kila kichwa kilicholala mbele yangu, bila kufikiri, kama mtu anavyonawa mikono kabla ya kula.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa wa kifafa. Watoto waliletwa mgongoni kutoka mtaa wa Kikula, wakubwa waliletwa kwa baiskeli, na kila mmoja alikuwa amepitia kwanza kwa mtu aliyemwambia ana pepo. Sikugombana na pepo. Nilisema tu, "Pepo hata yeye tutamupima." Vita vyangu vikubwa vilikuwa na nywele. Mama anakuja amesukwa jana, meshi za bandia mpaka mabegani, na mimi namwambia tufumue. Wengine waliondoka palepale wakasema afadhali kifafa. Nikajifunza kupenyeza waya kati ya misuko kwa mpini wa mswaki, na huo ndio ufundi pekee niliouvumbua mwenyewe maishani. Andikeni mahali.

Jambo jingine lilikuwa umeme. Bwawa la Mwadingusha linalotupa umeme likiwa na shida, sisi tuna shida. Kalamu zilisimama katikati ya kichwa cha mtu, na Papa Mwamba alikuwa akiulaumu mto Lufira, unaolijaza bwawa, kama mtu anavyomlaumu shemeji. Tangu siku zile nina tabia ya kutazama taa kuliko ninavyomtazama mgonjwa. Ni tabia mbaya. Mtaona ilivyonigharimu, na ilivyonisaidia pia, jambo linaloniudhi zaidi.

Papa Mwamba alistaafu, kisha akafa, na mashine ya kalamu ikamfuata. Kwa muda mrefu chumba chetu kilikuwa ghala la magodoro. Halafu, miaka michache iliyopita, ikaja kompyuta na kofia ya kitambaa yenye matundu, na ndani ya kompyuta mchezo. Nieleze kwa wasioufahamu. Kwenye kioo kuna visanduku viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, na kila kimoja kinawaka na kuzimika kwa kasi yake. Ukikitazama kimoja kwa makini, kisogo cha ubongo wako nacho kinapiga mawimbi kwa kasi ileile, na kofia inakamata. Kompyuta inajua umechagua kipi bila wewe kuinua kidole. Roketi ndogo inakwenda upande uliouchagua, na ubongo unajizoeza kutulia kwa kuona ushindi wake. Solange, ambaye kazi yake ni kunyoosha viungo lakini kompyuta zinamtii, aliitoa ile roketi akaweka wagoni ya mawe ya shaba kwenye reli. Alisema hapa kwetu hakuna anayesubiri roketi.

Watoto wasioweza kutulia waliupenda. Waliopooza nao waliupenda, kwa kuwa kilikuwa kitu cha kwanza kuwatii tangu walipoanguka. Mimi niliuogopa. Mchezo ulianza wenyewe kwa neno moja kubwa kwenye kioo: TAZAMA. Haukumwambia mtu afumbe macho. Miezi ya kwanza nilimwambia mimi, fumba, fumbua, lakini kompyuta ilikuwa ikihesabu muda na kutoa maandishi mekundu, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Nikaacha. Hakuna aliyeniamuru. Naliandika hili waziwazi ili msije kumsingizia mtu mwingine.

Halafu daktari wetu akaona kofia inaweza kutusaidia kwa watu wa aina nyingine: wale waliolala macho wazi, hawasemi, hawasogei, na familia inauliza kama bado wako ndani. Daktari, maskini wa watu, atafanya nini? Alinigeukia mimi. Nilitakiwa kuweka kofia, kuendesha mchezo siku tatu, na kuandika mstari mmoja: kuna jibu, au hakuna jibu.

Wa kwanza alikuwa Mama Philo, mwimbaji wa kwaya, aliyeangukia kanisani kwao katikati ya wimbo. Binti yake alikuja naye kila siku, na kila siku, kabla ya mchezo, alisali. Mnajua kusali kwa makanisa yale ya uamsho, sala ndefu, si ishara ya msalaba ya haraka haraka kama sisi Wakatoliki. Nilikuwa nasubiri kwa adabu, nimefumba macho, kitufe cha kurekodi sijakibonyeza, maana niliona si heshima kurekodi sala ya mtu. Amina ikisemwa, nafumbua, nabonyeza, naanzisha mchezo, TAZAMA. Wagoni haikusogea siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Niliandika: hakuna jibu. Wakamrudisha nyumbani, na hakumaliza mwezi.

Mwaka uliofuata akaja Papa Kazadi. Alikuwa mfanyakazi wa reli za kiwanda huko Shituru, yule anayesimama kati ya wagoni akiunganisha na kupiga filimbi. Mshipa ulipasuka kichwani, chini kabisa, shingo inapoanzia. Alilala na mpira wa chakula puani, macho yakipepesa ovyo. Daktari alimwambia afuate kidole kulia, kushoto. Macho hayakwenda. Mkewe, Mama Odette, aliapa kwamba bwana yake anasikia. Kaka mkubwa wa Kazadi, Yaya Pascal ("yaya" kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa), aliapa kwamba hapana, na alishapata gari la kumpeleka kijijini kwao, ng'ambo ya Lufira, Ijumaa saa sita mchana.

"Minaona muko munamutesa," alituambia. "Ndugu yangu alishaenda. Hapa munalisha mwili tu. Tutamubeba ku mugini, akufie mu bantu yake."

"Na kule nani atamupatia chakula mu ule mupira?" Mama Odette akauliza. "Weye?"

Hapo ndipo roho ilipoanza kunikaa juu juu. Kijijini hakukuwa na mtu wa kushika ule mpira. Daktari alisema, kukiwa na jibu, atamzuia Kazadi abaki. Kusipokuwa na jibu, hana neno la kuiambia familia. Kwa hiyo mtu mzima mwenye pumzi alikuwa amening'inia kwenye mstari wangu mmoja.

Jumatatu wagoni haikusogea. Jumatano haikusogea. Sisi wote tulimzunguka tukimbembeleza, "Papa, angalia! Angalia kushoto! Angalia kulia, Papa!" Solange alisogeza kioo karibu mpaka kikakaribia kumgusa pua. Mimi nilihakiki kila waya, nikabadilisha dawa, nikapima kichwa kwa utepe wa Papa Mwamba ingawa kofia haikuuhitaji. Usiku huo nilikuwa nasikia tayari jinsi kalamu yangu itakavyoandika maneno yale mawili.

Alhamisi asubuhi taa zikayumba. Nilikuwa nimeshabonyeza kitufe cha kurekodi mapema, umeme usije ukatukatikia, nikawa nimekodolea macho betri ya kompyuta, nikihesabu itatupa dakika ngapi, mara Mama Odette akasema, "Tuombe." Nikafumba macho kama siku zote na nikasahau kurekodi kunaendelea. Aliomba, akalia, akasema amina. Tukafumbua. Nikanyoosha mkono kwenye kompyuta, lakini Yaya Pascal, ambaye hakuwahi kuomba nasi hata siku moja, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mungojee kwanza. Hata miye niombe." Tukafumba tena. Aliomba ndugu yake aende salama. Amina. TAZAMA. Wagoni ikakaa palepale kwenye reli yake.

Mchana nikawa nasafisha kofia kwa mswaki, tundu moja moja, huku nikipitisha picha ya mawimbi kwenye kioo ili nipate cha kuandika. Ndipo nikaona rekodi inaanza mapema mno. Nikarudi nyuma niifute. Mswaki ukaniponyoka.

Kitana kilikuwepo, kikubwa na safi, kisogoni kabisa. Kilianza, kikaendelea kwa muda wa sala ya mke, kikakatika. Nafasi ndogo ya mistari ya ovyo. Kisha kitana tena, kifupi zaidi, kwa muda wa sala ya kaka. Kisha kikakatika na hakikurudi.

Papa Kazadi alikuwa amefumba macho alipoambiwa tuombe, akafumbua kwenye amina, akafumba tena kaka yake alipoomba, akafumbua tena. Siku zote tatu, nadhani. Na sisi hatukumwona, kwa sababu sote watu wenye adabu tulikuwa tumefumba macho yetu. Tulipoyafumbua, kazi yetu ikawa kumpigia kelele atazame, kulia, kushoto, kule ambako macho yake hayakuweza kwenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia afumbe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilifundishwa swali lile siku yangu ya kwanza, na viatu vikinibana.

Lakini furaha sikuipata. Hofu ndiyo iliyozidi. Je, kama alisinzia tu? Kama nimeona ninachotaka kuona? Nikimpa mke tumaini la uongo, kosa langu litakuwa kubwa kuliko kunyamaza. Nilimwambia Solange peke yake. Akanitazama, akasema, "Mama, kesho saa mbili. Sitafumba macho hata Bwana Yesu akiingia."

Ijumaa Yaya Pascal alikuwa uani anafunga godoro juu ya gari. Nilipomwomba saa moja tu, alichoka hata kukasirika.

"Mama, mulishatuonyesha mara tatu. Munataka tulie mara ngapi?"

"Mara moja tu tena, Papa. Nikikosa, miye mwenyewe nitakusaidia kumubeba."

Nikaweka kofia. Kioo cha mchezo nikakigeuza ukutani. Solange alisimama akimtazama usoni, mimi nikatazama mawimbi kwenye kioo cha pili. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Papa Kazadi, fumba macho."

"Amefumba," Solange akanong'ona. Kitana kikaja.

"Fumbua."

Kitana kikakimbia. Nikarudia. Nikamwacha, nikahesabu kimya mpaka ishirini, nikarudia tena. Kila mara. Yaya Pascal akasema macho ya mgonjwa hupepesa, hata mbuzi aliyechinjwa hupepesa. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma mimi pia. Nikamwambia amuulize mwenyewe jambo ambalo sisi hatulijui, na Kazadi afumbe macho kama ni ndiyo, ayaache wazi kama ni hapana.

Alisogea taratibu. Alifikiri sana. "Kazadi. Ule mubwa wetu wa butoto, alikuwa anaitwa Simba?"

Macho yakabaki wazi. Mistari ya ovyo.

"Alikuwa anaitwa Kapitene?"

Macho yakabaki wazi.

"Alikuwa anaitwa Mukubwa?"

Yakafumba. Yakakaa yamefumba, na kitana kikatembea kioo kizima mpaka niliposema fumbua kwa kulia. Yaya Pascal alikaa sakafuni kama gunia. Alikuwa akisema jambo moja tu, "Nilikuwa naomba uende. Ulikuwa unasikia. Nilikuwa naomba uende." Mama Odette alimpita, akashika uso wa mumewe, kisha kwa furaha akasema neno lile lile: "Tuombe!" Wote wakafumba. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu komunyo yangu ya kwanza, nikabaki macho wazi. Papa Kazadi alinitazama. Halafu akafumba yake.

Godoro lilishushwa kwenye gari. Solange akaubadilisha mchezo: wagoni inasogea mtu akifumba macho, inasimama akifumbua. Baadaye akaongeza herufi, anazitaja moja moja, naye Kazadi anafumba kwenye anayoitaka. Neno la kwanza lilimchukua siku mbili na sisi sote tulingoja, mkewe akitarajia jina lake. Akaandika FREIN. Kumbe alikuwa akiudhika muda wote huo na wagoni isiyo na breki. Solange ikabidi amtengenezee breki.

Mngependa niishie hapo, najua. Hata mimi ningependa. Lakini Jumatatu iliyofuata nilifungua faili la Mama Philo. Majuto ni mjukuu, nami nilimwona wangu uso kwa uso. Rekodi zake zote tatu zinaanza baada ya amina, kwa ile heshima yangu. Katika ya pili, mwanzoni kabisa, kuna kitu: labda meno mawili ya kitana yanayoishia, labda binti aliugusa waya. Nimeyaangalia meno yale mawili kuliko nilivyoangalia picha ya arusi yangu. Nimemwonyesha Solange, anasema ni waya. Siku nyingine anasema hajui.

Mwezi uliopita nilikutana na binti yake sokoni, ananunua unga. Nikataka kugeuka. Yeye akanikimbilia, akanishika mikono yote miwili. "Mama, aksanti," akasema. "Bengine banadanganyaka. Weye ulituambia kweli, na sisi tulilala na amani."

Nikasema aksanti. Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji. Sijamwambia mpaka leo, na sijui kama kunyamaza kwangu ni huruma au ni woga. Kwa siku nyingi naamini ni woga. Ninaandika ili angalau ninyi mjue faili liko droo ya chini, na kwa nini halitupwi. Na utepe wa Papa Mwamba uko juu yake. Mbele ya kila kitu, mwambieni mtu afumbe, afumbue. Na familia ikiomba, ombeni nao, lakini mmoja wenu abaki macho wazi.

Siku ya kuniaga mlileta keki, mkasema maneno mazuri mno, kisha Mama Odette, aliyekuja kunisalimia, akasema tuombe. Niliwatazama wote mlivyofumba. Solange alikuwa amefumbua, kama mimi, na sote wawili tulikuwa tunamtazama yule mgonjwa mpya wa kitanda cha ukutani, mama asiyesema wala kusogea, aliyeletwa siku ile, ambaye katika shamrashamra hakuna aliyekuwa amemkumbuka. Sala ilikuwa ndefu. Macho ya mama yule yalibaki wazi tangu mwanzo mpaka amina.

Labda hayuko ndani. Labda si mtu wa kusali. Muulizeni tena Jumatatu.